Nikupokee?

Gemu yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja. Awinja alilijua hilo vizuri, kwani alikuwa ameicheza kila siku kwa wiki tatu. Kwenye skrini kulikuwa na kibanda kilichochorwa kwa vijidoti, moto katikati ya sakafu, mvua nje isiyokatika, na mtu mmoja mdogo asiye na uso ambaye kazi yake ilikuwa kukimbia nje kuleta kuni kabla moto haujazimika. Basi. Hakuna risasi, hakuna adui. Moto ukizimika umeshindwa, unaanza upya. Lakini Jumanne moja saa nane mchana, wakati mvua ya kweli ilipoanza kudondoka juu ya mabati ya nyumba yao pale Shirere, mlango wa kile kibanda ulifunguka wenyewe, na mtu wa pili akaingia amebeba kuni.

Awinja akaondoa vidole kwenye vitufe. Mtu wake akasimama. Yule wa pili akaendelea.

Alidhani ni mambo ya mtandao. Siku hizi watu huchezanga pamoja, mmoja yuko Kakamega na mwingine yuko Brazili. Akamtazama yule mgeni akienda na kurudi, akienda na kurudi, bila kuteleza hata mara moja pale penye tope ambapo yeye huteleza kila siku, na badala ya kushtuka akahisi kitu kama shukrani. Ndivyo alivyokuwa amechoka.

Awinja alikuwa na miaka thelathini na minane. Miaka miwili nyuma alikuwa akipokea wageni katika hoteli moja Kisumu. Kisha mama yake, Mwalimu Ayuma, aliyefundisha darasa la tatu mpaka akastaafu, akaanguka bafuni asubuhi moja, na kiharusi kikamchukua upande wote wa kulia pamoja na sehemu kubwa ya maneno yake. Kaka yake Awinja, Philemon, alikuwa na shamba la mahindi Lugari, mke, na sababu. "Wewe angalau huna mtu anakungoja, dada," alimwambia kwa simu, wala si kwa ubaya. Aliona anasema ukweli tu. Awinja akarudi nyumbani na sanduku moja, akidhani ni kwa mwezi.

Mgonjwa wa kitandani hana sikukuu. Kila saa mbili ageuzwe, asije akatoka vidonda vya mgongo. Aoshwe, abadilishwe, anyooshwe mkono na mguu kama walivyoonyeshwa hospitalini, alishwe uji wa wimbi kijiko kwa kijiko, na kati ya kijiko na kijiko umngoje ameze, maana koo nalo lilikuwa limeshikwa nusu. Katikati ya hayo Awinja alifanya kazi ya kompyuta. Kampuni moja ya mbali ilimtumia rekodi za watu wakizungumza, naye aliziandika neno kwa neno.

Kwenye rekodi mojawapo ndipo alipokutana na mambo ya gemu. Kijana fulani alikuwa akihojiwa. Alieleza kwamba kuna watu wanaotengeneza gemu peke yao, chumbani kwao, bila kampuni, na kuziweka kwenye tovuti bila malipo. Na kwamba tovuti hiyohiyo ina zile za zamani pia, za enzi za mashine za kutumbukiza sarafu, unazicheza papo hapo. Awinja aliandika maneno yale yote, akayatuma, kisha akaitafuta hiyo tovuti.

Alianza na zile za kale. Kulikuwa na chombo cha pembetatu kinachopiga mawe angani, na duara lenye mdomo linalokimbizwa ndani ya vichochoro. Akaona zote zina tabia moja: zinakupa maisha matatu na haziishi mpaka zimeyamaliza. Akahamia kwa zile za watu wapweke. Moja ilikuwa ya kupanga vitabu kwenye rafu. Nyingine ilikuwa ya kupanda mlima tu, hakuna kingine, na juu kabisa kuna benchi. Alikaa kwenye benchi lile dakika ishirini, mama amelala chumbani, akilia kidogo bila kujua analia nini. Ile ya moto na kuni aliikuta chini kabisa ya orodha. Haikuwa na jina la aliyeitengeneza, na hakuna mtu aliyekuwa ameandika maoni hata neno moja.

Sasa Jumanne ile, yule mgeni alipokuwa ameleta kuni mara ya kumi au ya kumi na mbili, alisimama karibu na moto, akamgeukia. Hana uso, lakini Awinja alijua anatazamwa. Maandishi yakatokea chini ya skrini. Gemu nzima ilikuwa ya Kiingereza. Maandishi haya hayakuwa ya Kiingereza.

NIKUPOKEE?

Neno analolisema mtu mwenye adabu akikukuta njiani umebeba mzigo. Hakuna aliyekuwa amemwambia Awinja neno hilo kwa miaka miwili. Akaandika: NDIYO.

Kichwa chake kikawa kizito hapohapo, kama kichwa cha mtoto mgongoni. Akakiegemeza juu ya meza.

Alipoamka mvua ilikuwa imekwisha na jua la jioni lilikuwa ukutani. Saa kumi na mbili kasoro. Aliruka, maana mama alipaswa kugeuzwa saa tisa, alishwe saa kumi, abadilishwe. Akakimbilia chumbani. Mama alikuwa amelazwa ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti kama inavyotakiwa. Shuka lilikuwa safi, bakuli limeoshwa na kufunikwa. Chumba kilikuwa na harufu ya njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Mama alikuwa macho, anatazama dari.

"Nimefanya haya saa ngapi?" Awinja alijiuliza kwa sauti. Akajijibu kwamba mtu aliyechoka huweza kufanya kazi akiwa usingizini, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Usiku ule akalala vizuri, mara ya kwanza tangu Kisumu.

Jumatano saa nane akafungua kompyuta. Neno lilikuwa linamngoja. Alhamisi vilevile. Kufikia wiki ya pili alikuwa haanzi hata kucheza; alikuwa anaandika tu ndiyo, anaweka kichwa mezani, na kuamka jioni akikuta kila kitu kimetendeka: nguo zimeanikwa na kuanuliwa, sufuria zinang'aa chini mpaka juu, sakafu imepigwa maji.

Immaculate ndiye aliyeanza kusema. Huyu alikuwa jirani wa ukuta mmoja, muuza mitumba, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti. Asubuhi moja alisimama mlangoni na kikapu chake, akakataa kuingia.

"Jana nilikuita ukanyamaza," alisema, na sauti yake siku hiyo ilikuwa ndogo. "Ulikuwa unaanika. Nikakuita mara tatu."

"Sikukusikia, Immaculate. Pole."

"Si hiyo inanisumbua." Akatazama pembeni. "Ulikuwa huinami, Awinja. Karai liko chini, wewe umesimama wima hivi, na nguo zinafika mkononi. Mimi najua kuanika. Mtu huinamanga."

Awinja akacheka kicheko kikavu, akasema pengine ni jua. Immaculate hakucheka. Aliondoka akiangalia nyuma mara mbili.

Na mama je? Mwalimu Ayuma alikuwa na maneno kama arobaini yaliyobaki, na hayo aliyatoa kwa jasho. Siku ile ile, Awinja alipoinama kumpangusa uso, mkono mzima wa kushoto ulimkamata kola.

"Usi," mama alisema. "Usi. Lale."

"Nisilale?"

"Mi. Mikono." Machozi yalikuwa yanateremkia masikioni. "Baridi. Si. Yako."

Sasa hapa ndipo pagumu kusimulia, kwani msikilizaji atamhukumu Awinja. Alielewa. Alielewa pale pale. Akamkumbatia mama, akamwambia ni ndoto, ni dawa. Na saa nane ilipofika, mvua ilipoanza, alikaa mbele ya kompyuta dakika tano nzima akijua anachokifanya, akaandika ndiyo. Alifanya hivyo siku nne zaidi. Mtu ambaye hajawahi kuchoka namna ile asiwe mwepesi wa kumrushia jiwe.

Siku ya nne mama alitapika jioni. Alitapika uji mwingi, mwingi kupita kiasi cha bakuli lolote la nyumba ile, na kwenye mkono wake wa kulia, ule usiohisi, ngozi ilikuwa imechubuka kama iliyosuguliwa kwa kitambaa bila kuachwa. Ndipo Awinja akaogopa kwa namna inayomfanya mtu atende.

Kesho yake, kabla ya kuandika lile neno mara ya mwisho, aliweka simu yake chini ya gazeti mezani, ikirekodi. Kusikiliza rekodi ndiyo ilikuwa kazi yake. Alitaka kusikia.

Hakusikiliza jioni ile. Alingoja asubuhi, saa nne, jua kali, mlango wazi, Immaculate akisikika upande wa pili wa ukuta akipanga nguo zake. Akavaa spika za masikioni, akafungua ukurasa mtupu wa kuandikia kama kawaida ya kazi, maana mikono yake haikujua kusikiliza bila kuandika.

Mvua juu ya mabati. Akaandika: mvua. Kiti kinasogezwa. Akaandika: kiti. Kisha mtu anakoroma, karibu sana na simu, na akaitambua hiyo sauti ya mtu aliyelaza shavu juu ya meza, akaandika: mimi. Halafu nyayo, lakini nyayo zisizo na uzito, kama mtu anayeweka miguu chini kwa ajili ya adabu tu, zikatoka jikoni, zikapita nyuma ya kiti alichokalia, zikasimama hapo kidogo, zikaenda chumbani kwa mama, na mlango ukalia, na kutoka ndani ya chumba kile, huku mkoromo wake ukiendelea hapa mezani kwa utulivu wa mtoto aliyeshiba, akasikia sauti yake mwenyewe, sauti yake kabisa, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi, ikisema, "Fungua mdomo, mama," na kijiko kikagonga meno, na mama akameza, na sauti ikasema, "Fungua mdomo, mama," na kijiko, na mama akaanza kukohoa, na sauti haikungoja kikohozi kiishe, haikuvuta pumzi, haikupanda wala kushuka, "Fungua mdomo, mama," nusu saa, saa nzima, kijiko, kikohozi, kijiko, na bakuli halikwisha, na katikati ya hayo yote mama aliita jina la bintiye, akaliita zima bila kukatika, jambo ambalo hakuwa ameliweza tangu kiharusi, "Awinja! Awinja!" na ile sauti ikamjibu kwa upole mkubwa, "Niko hapa."

Awinja alivua vile vidude kana kwamba vimemuunguza. Kwenye ukurasa alikuwa ameandika maneno yale yale matatu, mstari baada ya mstari, kurasa sita.

Akafuta kila kitu. Akazima kompyuta, akaitia ndani ya mfuko, mfuko ndani ya sanduku, akafunga. Akakaa chumbani kwa mama, amemshika mkono, akingoja saa nane.

Wingu likaja kutoka upande wa msitu, kama kila siku. Mvua ikaanza. Nyumba ikaingiwa na ile harufu ya kiberiti. Na jikoni, mahali pasipo na kompyuta wala skrini, sauti yake ikauliza kwa adabu:

"Nikupokee?"

Awinja akauma ulimi. Mama akafumba macho. Sauti ikauliza tena, karibu zaidi, kwenye ukumbi. Ikauliza mlangoni. Hakujibu. Lakini mwili wenye miaka miwili ya madeni ya usingizi haumsikilizi mwenyewe. Kidevu chake kikadondoka kifuani, mara moja tu, kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Hilo likatosha.

Tangu siku ile haikungoja tena saa nane. Ilikuja asubuhi. Ilikuja alfajiri. Awinja aliosha uso kwa maji baridi, alikunywa kahawa kavu, alitembea akizunguka kitanda huku akiimba nyimbo za kanisani. Pasta akaja, akaomba kwa nguvu, na katikati ya maombi yale Awinja akasinzia amesimama, akazinduka na kukuta pasta ameenda na mama amebadilishwa.

Siku ya tatu Immaculate aliingia bila kubisha. Alimkuta ameketi sakafuni, macho mekundu kama pilipili, anajichoma mkono kwa sindano ya kushonea.

"Naleta mtu," Immaculate alisema.

"Mtu gani?"

"Kuna ustadh Mumias, anaitwa Osundwa. Dadangu alikuwa na kitu, akakitoa."

"Sisi ni watu wa kanisa la Friends, Immaculate."

"Hicho kitu kiliuliza dhehebu kikiingia?"

Ustadh Osundwa alifika kesho yake saa sita mchana, amebebwa na pikipiki, ameshika mwavuli na mfuko wa plastiki wenye msahafu uliofungwa kitambaa. Awinja alikuwa amemtarajia mtu wa kutisha. Huyu alikuwa mzee mwembamba, mwalimu wa watoto wa madrasa, mwenye mafua, na kitu cha kwanza alichoomba ni kiti.

"Asalaam aleikum, mwanangu. Mulembe," alisema, akiongeza salamu ya Kiluhya. "Niambie yote, na usijione mjinga."

Akamwambia. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, akipenga kamasi.

"Hakuvunja mlango, basi," alisema mwishowe. "Alikukuta umebeba, akakuomba mzigo, ukampa. Wengi huuliza, jini anataka nini? Damu? Mbuzi? Huyu anataka kazi. Wako hivyo, wengine. Lakini hawajui kushiba na hawajui kuchoka, na asiyejua kuchoka hajui mahali pa kukoma. Atamlisha mzazi wako mpaka amuue, na hatakuwa na nia mbaya hata kidogo."

"Utamtoa?"

"Mimi nitasoma. Kusoma kutamfunga asikuguse. Lakini mzigo sikumpa mimi." Akamtazama kwa macho yaliyovimba mafua. "Kile ulichompa kwa mdomo utakichukua kwa mikono. Akija, utaingia chumbani, utamkuta anafanya kazi yako. Utamwambia, nipe. Neno hilo tu. Atakusemesha. Usimjibu kitu kingine. Wala usiseme nipe ikiwa humaanishi, kwani atajua."

Saa nane kasoro wingu likafunika mji. Immaculate alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango akishika rozari yake, kwani yeye alikuwa Mkatoliki na hakutaka kubahatisha. Ustadh akafungua msahafu ukumbini. Alianza kwa sauti ya chini, ya pua iliyoziba, na mvua ya mawe ikapiga mabati kwa kishindo hata ikawa Awinja anaona midomo yake tu ikisogea.

Harufu ikaja. Chumbani kijiko kikagonga bakuli.

Awinja akasukuma mlango.

Kulikuwa na mwanamke ameketi ukingoni mwa kitanda, amempa mgongo, amejifunga leso ya kijani ya Awinja mwenyewe. Alikuwa ameketi lakini godoro halikuwa limebonyea. Mkono ulienda mdomoni kwa mama, ukarudi, ukaenda, ukarudi. Uji ulikuwa unamwagika kidevuni kwa mama, shingoni, kwenye mto, na jicho moja la mama, lile zima, lilikuwa limetoka nje kwa hofu, likimtazama Awinja juu ya bega la yule mwingine.

"Nipe," Awinja alitaka kusema.

Kabla hajalitamka, yule akageuza kichwa.

Na hapo Awinja aliona jambo ambalo hakuwa amejiandaa nalo. Alikuwa amejiandaa kwa pembe, kwa macho ya moto, kwa kwato. Alichokiona ni uso wake mwenyewe, uliolala usingizi wa kutosha. Hakuna mifuko chini ya macho. Hakuna ule mstari wa kinywani. Alikuwa yeye jinsi alivyokuwa Kisumu, yeye ambaye angekuwa kama mambo yangeenda vingine, na alikuwa mzuri.

"Nikienda, nani atakupokea?" uso ule uliuliza kwa upole. "Philemon?"

Mvua ya mawe iliendelea kupiga mabati.

"Kesho kuna mashuka. Keshokutwa kuna mashuka. Ana miaka sitini na tisa tu. Moyo wake una nguvu. Unaijua hesabu. Mimi sitachoka, Awinja. Wewe lala."

Ukweli lazima usemwe: alifikiria. Alisimama pale mlangoni, uji ukimsonga mama yake, akafikiria. Miguu ilimwambia keti. Macho yalimwambia tufumbe. Aliona kitanda chake mwenyewe kupitia mlango wa pili, blanketi limekunjwa vizuri na mikono isiyo yake, na kila kiungo chake kikakililia kile kitanda kama mtoto anavyolilia ziwa. Huko ukumbini mzee akapiga chafya, akashika tena aya alipoiacha. Na mama, ambaye mdomo wake ulikuwa umejaa, hakuweza kuita. Aliinua tu mkono wa kushoto kutoka kwenye shuka, akaufungua.

"Nipe," Awinja akasema.

Uso ule haukukasirika. Ukamtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko kitu chochote alichokiona nyumbani humo. Kisha mikono miwili ikanyoosha bakuli.

Alipolipokea, magoti yake yaligonga sakafu. Bakuli la udongo la kawaida lilikuwa zito kama kinu. Kila saa aliyolala akafanyiwa kazi ilimrudia mgongoni kwa mara moja, kila kugeuza, kila kufua, kila ndoo. Alihisi mifupa ya kiuno ikisagana, akalia kwa sauti, lakini vidole havikuachia. Alipoinua kichwa, leso ya kijani ilikuwa imelala kitandani, tupu, baridi kama kitu kilichotolewa mtoni. Mvua ya mawe ilikuwa imekatika ghafla. Akamlaza mama ubavu, akamtoa uji kooni kwa kidole, akampigapiga mgongo mpaka akavuta pumzi.

Ustadh Osundwa alisimama mlangoni, kofia imetota jasho.

"Una namba ya kaka yako?" aliuliza.

Immaculate ndiye aliyempa. Mzee akaenda uani kupiga, na kupitia dirishani Awinja alimsikia akisema, si kwa ukali, kwa sauti ileile ya mafua: "Dada yako alipata msaidizi asiye binadamu kwa sababu hakupata binadamu. Ndiyo, wewe. Lini? La, leo."

Philemon alifika usiku ule na mkewe Jelagat. Philemon alilia, akatoa ahadi nyingi, akarudi kwa mahindi yake siku ya tatu. Jelagat, ambaye hakuahidi kitu, alibaki. Alikuwa mwanamke mkimya mwenye mikono mikubwa. Akamwambia Awinja, "Usiku ni wangu, mchana ni wako," akatandika godoro lake chumbani kwa mama, na neno lake likawa hilo.

Ungedhani yameisha. Mama alikula kutoka kwa Jelagat. Kwa Awinja hakula. Awinja akikaribia na bakuli, Mwalimu Ayuma alifunga mdomo, akageukia ukuta, akatetemeka upande mmoja wa mwili. Uso ule ulikuwa umemlisha mara nyingi mno. Siku tisa Awinja alikaa ukingoni mwa kitanda akisema, "Ni mimi, mama. Kweli ni mimi," na akajua hata yule mwingine angesema hivyohivyo.

Siku ya kumi, baada ya kufua mashuka ya siku mbili, aliketi kitandani vibaya, kiuno kikamkata, akatoa mguno uliotoka tumboni, mguno wa mwanamke mzee. Godoro likabonyea chini yake. Mama akageuza kichwa. Akasikiliza.

"Ume," alisema. "Umechoka?"

"Nimechoka, mama," Awinja akasema, na machozi yakamtoka. "Nimechoka sana."

Mama akafungua mdomo.

Tangu hapo likawa swali la kila mlo. Asubuhi, mchana, jioni: umechoka? Na Awinja hujibu, na jibu huwa la kweli, na mama hula.

Mwezi wa nne baada ya hapo Jelagat alimwambia siku moja akalale mapema, naye akalala, akalala kama zamani, saa tisa mfululizo bila ndoto. Aliamka ndege wanalia. Mwili ulikuwa mwepesi. Alijiosha uso, akajitazama kwenye kioo cha ukutani, akaona mifuko ya macho imeshuka, akatabasamu. Akapika uji, akaupeleka chumbani akitembea haraka, akaketi.

Mama alimtazama usoni kwa muda mrefu.

"Umechoka?"

"Nimechoka, mama," Awinja alisema.

Mkono wa kushoto ukakusanya shuka taratibu, ukalikamata. Mdomo haukufunguka. Akajaribu tena, akiguna kidogo, na guno lile likasikika la uongo hata kwake mwenyewe. Mama akaanza kutetemeka.

Awinja akaweka bakuli chini, akalifunika lisipoe. Akatoka nje. Akachukua zile ndoo mbili kubwa nyuma ya nyumba, akateremka kwenye chemchemi, akajaza, akapanda kilima. Akazimimina kwenye tangi lililokuwa limejaa tayari, maji yakamwagika miguuni pake, akateremka tena. Immaculate alimwona kutoka uani kwake, akanyoosha shingo kuangalia kama anainama. Safari ya nne magoti yalianza kucheza. Safari ya sita aliziacha ndoo kilimani, akarudi ndani amejishika ukuta, akihema, jasho likimdondoka puani, akaketi ukingoni mwa kitanda bila kusema neno.

Mama alifumba macho, akamsikiliza anavyohema. Kisha akafungua mdomo.